Jina Langu Lilibaki Bluu

Wosia ule ulikuwa na sahihi tatu. Ya Mzee Ezra Murgatroyd ilikuwa nyeusi. Ya Seth Barraclough, mleta barua, ilikuwa nyeusi. Yangu ilikuwa bluu, bluu ya majimaji, kama mshipa kwenye mkono wa bibi kizee.

Wakili aliiweka karatasi mezani akaniuliza kama sahihi hiyo ni yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza niliitia lini. Nikasema tarehe nane Novemba, pamoja na wenzangu, kwa kalamu ileile na wino uleule.

Clifford, mtoto wa kaka yake Mzee Ezra, akacheka. "Kalamu ileile, Amos? Au ni kalamu ya watoto wa shule uliyoinunua mzee alipokwisha kuzikwa?"

Sheria inataka mashahidi wawili wawepo pamoja mwenye wosia anapotia sahihi. Kama mimi niliandika baadaye, basi wosia ule ni karatasi ya kufungia samaki, na nyumba ni ya Clifford. Dada yangu Hetty, aliyeachiwa nyumba hiyo katika wosia, aliyempikia mzee miaka kumi na sita, akamwogesha, akamgeuza kitandani mwishoni, angetoka na sanduku lake. Ana miaka hamsini na minane na magoti mabovu. Mimi nauza makaa ya mawe, na nina chumba kimoja juu ya ghala. Mapafu ya Hetty hayawezi kulala wiki moja katika vumbi lile.

Wakili alitupa hadi Jumatatu tulete chochote tulicho nacho. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Seth angenisemea, lakini mwezi Machi moyo wake ulisimama njiani kwenda juu mlimani, mfuko wa barua ukiwa begani.

Mimi nilijua kwa nini jina langu ni bluu, na nilimwambia wakili. Mzee Ezra alikuwa msajili wa vizazi na vifo wa bonde letu miaka thelathini, na hata alipostaafu hakutumia wino mwingine ila ule wa ofisi. Wino ule una chuma ndani yake. Ukiandika unatoka bluu, halafu siku chache baadaye unakuwa mweusi na hautoki tena. Lakini lazima uuache ukauke wenyewe. Kwa mzee, kugusa maandishi mabichi kwa karatasi ya kukaushia wino ilikuwa kama kumpiga mtoto mchanga.

Siku ile nilipita kumchukua Hetty twende kumzika shangazi yetu Martha. Seth alikuwa mlangoni na barua. Mzee akatuita sote wawili ndani, akatia sahihi mbele yetu, Seth akafuata, halafu mimi. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mkono unaifuata kalamu kwa nyuma na kufagia ninachoandika. Mwalimu alinichapa kwa ajili hiyo mpaka nikaacha shule, nikaenda kubeba magunia. Nilipomaliza jina nikaona mkono wa shati umepita juu ya herufi za mwisho. Nikashtuka. Hetty alikuwa na karatasi ya kukaushia ndani ya daftari lake la barua, nikaichomoa nikaibandika juu ya jina langu.

"Umeunyang'anya weusi wake, mpumbavu wee," mzee akasema. "Utabaki hivyohivyo."

Nilicheka. Karatasi yenyewe Hetty aliwashia jiko kesho yake.

Clifford aliposikia hayo alisema ni hadithi nzuri, inasikitisha tu kwamba wote walioiona ni wafu au ni ndugu.

Jumamosi nilimkuta Hetty anafunga vikombe kwa magazeti. Vikombe vyake yeye katika nyumba ile ni sita. Aliviweka sandukuni kimoja kimoja, akavitoa, akavipanga upya. Nilisimama pale na kofia mkononi.

"Usinitazame hivyo, Amos. Sijafa bado," akasema. Kisha mikono yake ikatulia. "Siku ile ulivaa shati la nani?"

Mimi sina shati jeupe. Lilikuwa shati la Harold Ogden, jirani yangu, aliyekufa mwaka uliotangulia. Mjane wake, Nellie, aliniazima kwa ajili ya mazishi, na nikalirudisha kesho yake asubuhi. Alinionyesha doa la wino kwenye ncha ya mkono wa kushoto, pale penye kifungo, akilisugua kwa kidole. Nami nikamwambia asijali, Harold hana mikono ya kuvalia tena.

Alifunga mlango. Tangu siku hiyo hununua makaa kwa mtu mwingine, na akiniona huvuka barabara.

Jumapili baada ya ibada nilimgongea. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Makaa ninayo," akasema.

Nikamwambia sikuja kwa makaa. Nikamweleza yote pale kizingitini, kwa sababu hakunikaribisha ndani. Alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo leo una shida na mikono ya Harold."

"Ndiyo, Bibi Ogden."

"Shati nimelikata. Nasugulia madirisha."

Nilikaa chini kwenye ngazi yake iliyolowa. Niliona akilini vikombe vile sita vya Hetty. Sijawahi kumwomba mtu kitu maishani, nauza makaa na kulipwa, basi. Nikamwambia lile neno lilikuwa la mtu mjinga, na kwamba nalikumbuka kila ninapopita mlangoni kwake, na nilikuwa nimeona haya kulisema mapema. Nikamwambia anitukane akitaka, lakini Hetty hakumkosea kitu.

Akasema, "Inuka. Unanichafulia ngazi."

Jikoni kwake alishusha kopo la vifungo, akalimwaga mezani. Wanawake wa kwetu hawatupi kifungo. Katikati ya rundo kulikuwa na ncha mbili za mikono ya shati, vifungo vikiwa bado vimeshonwa. Moja ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na doa refu kama kidole, rangi ya kutu ya msumari.

"Nilitia sabuni na magadi," akasema. "Nikatia dawa ya madoa jioni ileile. Wino wa watoto wa shule ungetoka. Huu ukazidi kuwa kutu. Nikajua ni wa Murgatroyd." Akaifunga katika leso. "Nitakuja kesho. Lakini wataniuliza nimeikumbukaje tarehe. Hapo utawaambia wewe."

Jumatatu karani mzee wa wakili aliliangalia doa dirishani akasema hii ni kutu ya wino wenye chuma, ameiona kwenye mashati yake mwenyewe miaka arobaini. Clifford akasema doa halina tarehe. Wakili akamgeukia Bibi Ogden: ana hakika gani kuwa lilikuja asubuhi ya baada ya mazishi yale?

Yeye akanitazama mimi.

Nikalisema. Harold hana mikono ya kuvalia tena. Nililisema mbele ya wakili, karani, Clifford na dada yangu, na kila neno lilitoka peke yake kama jiwe. Clifford aliangalia huku na huku akitafuta wa kucheka naye.

"Ndivyo alivyosema?" wakili akauliza.

"Neno kwa neno," Bibi Ogden akasema. "Tisa Novemba, saa mbili asubuhi. Na alikuwa anatafuna."

Wakili aliandika hayo. Clifford alishindana wiki mbili zaidi, kisha akaacha.

Hetty alivirudisha vikombe rafuni. Bibi Ogden bado ananunua makaa kwa mtu mwingine.