Tenki Lililokataa Kujaa

"Mshale umepanda!" Mama Agnela alipaza sauti kutoka kiti cha dereva. "Fundi, umepanda mpaka juu kabisa!"

Nkasiogi alikuwa amejikunja nyuma ya viti, zulia limefunuliwa, ameushika waya wa geji na kuugusisha kwenye bodi ya gari. Akauachia. Mshale ukaanguka.

"Basi geji ni nzima, mama. Na waya ni mzima. Ugonjwa umo ndani ya tenki."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini moyo ulimshuka. Tangu asubuhi alikuwa akiomba iwe fyuzi, iwe waya uliotafunwa na panya, iwe chochote kisichomlazimu kufungua tenki la petroli.

Kilikuwa kigari cha spoti, chekundu, cha viti viwili, paa lake la turubai likikunjwa nyuma. Mama Agnela, muuza vitenge wa Themi, alijinunulia baada ya binti yake wa mwisho kuolewa. "Maisha yangu yote nimebeba watoto na marobota," alipenda kusema. "Nikataka gari ambalo mtu hawezi kuniambia nimpakilie mzigo." Lakini kila alipokwenda sheli, bomba lilijikata kabla mafuta hayajafika popote, na petroli ikarudi juu kwa kishindo, ikimrukia mhudumu viatuni. Geji nayo haikutoka kwenye sifuri. Hakujua ana mafuta kiasi gani, na juzi gari lilimzimikia karibu na Kikatiti, malori yakimpita kwa honi na matusi.

"Kesho nampelekea mama yangu Machame alione," alisema sasa, akimtazama Nkasiogi kwenye kioo. "Ni mzee sana. Kila siku ananiuliza, hilo gari la kukaa chini linakuja lini? Itawezekana?"

"Itawezekana," alijibu Nkasiogi, na papo hapo akajuta.

Tangu alipougua mafua makali wakati wa masika, pua yake ilikuwa imekufa. Loshoro ya mama yake kule kijijini Musa, makande ya maziwa mgando, ilibaki uchachu mtupu ulimini. Sabuni, kahawa, moshi wa kuni, vyote vilikuwa kitu kimoja: hewa. Daktari wa zahanati alimwambia avumilie, huenda ikarudi, huenda isirudi. Pale gereji hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke pekee pale Sombetini mwenye spana zake mwenyewe, na alijua watakavyosema. Fundi asiyesikia harufu ya petroli atajuaje inapovuja?

Tena kulikuwa na mzee Aminieli, mwenye gereji. Miezi hii, kila Nkasiogi aliposhika kazi ya mafuta, mzee alikuja na kikombe chake cha chai, akageuza kreti la soda, akakaa pembeni na kutazama. Hakusema neno. Miaka yote hii, Nkasiogi alijiambia, na bado haniamini.

Akalegeza skrubu ya kwanza ya mfuniko wa tenki. Upande wa pili wa uwanja, fundi mwenzake Philemoni alikuwa akichomelea geti, cheche zikiruka na kuzimikia mchangani. Moja ikaruka mbali kuliko nyingine. Nkasiogi akaitazama hadi ilipogeuka nukta nyeusi.

Akaiweka bisibisi chini. Akaenda alipokuwa mzee Aminieli, ambaye tayari alikuwa akiinuka na kikombe chake.

"Mzee, kuna jambo. Sisikii harufu. Tangu masika. Sinusi petroli, sinusi chochote. Siwezi kufungua lile tenki peke yangu, na Philemoni anachomelea." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, kama mtu anayemwaga ndoo. "Ukiniondoa nitaelewa."

Mzee Aminieli alikunywa funda la chai.

"Unadhani mimi hukaa pale kwa nini?"

Nkasiogi aligeuka kulitazama lile kreti la soda.

"Kukutazama kazi? Kazi yako naijua. Mimi nilikuwa nanusa, binti yangu."

Mashine ya kuchomelea ilikuwa imenyamaza. Philemoni alikuwa amesimama nyuma yao, kinyago kimepandishwa kichwani. "Nkasi," alisema, "siku ile maziwa ya chai yalipochacha, sote tulimwaga. Wewe ukaomba kikombe cha pili."

Nkasiogi alifunika uso kwa mikono yenye grisi. Hawakujua kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe hakujua.

"Nilikosea kungoja useme wewe," aliongeza mzee. "Ningekuuliza mapema. Jambo hili si la kuoneana haya. Philemoni, zima mashine kabisa, chomoa na waya. Leo wewe ndiye pua."

Kazi ikaenda. Walinyonya mafuta yaliyokuwamo, wakayaweka kwenye dumu mbali kivulini. Nkasiogi alipoinua pampu kutoka tenkini aliuona ugonjwa wa kwanza: mkono wa boya linalopima mafuta ulikuwa umepinda, umenasa kwenye mpira wa pampu, hauwezi kuelea. Akaunyoosha taratibu. Walipolishusha tenki wakauona wa pili. Aliyebadilisha pampu zamani alilirudisha tenki kwa haraka, akaubana mpira wa kupumulia kati ya tenki na bodi. Hewa ilikosa pa kutokea. Ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha mafuta juu.

"Maskini," alisema Mama Agnela, akichungulia. "Kumbe lilikuwa linakabwa."

Nkasiogi aliweka mpira mpya, akaupitisha njia yake. Walipomaliza kufunga na kurudisha mafuta, Philemoni alizunguka gari akiwa amepiga magoti, pua chini, Mama Agnela akimcheka. Kwenye kona ya nyuma akaganda.

"Hapa."

Nkasiogi alipitisha kidole. Tone moja, baridi. Akakaza kibano, akapangusa, akangoja. "Sasa?"

"Sasa safi."

Walipofika sheli, bomba lilitiririka bila kujikata. Mhudumu alikuwa amelishika kwa mkono ulionyooka, mguu mmoja nyuma, tayari kukimbia. Tenki lilipojaa, Mama Agnela aliwasha gari, na mshale ukapanda polepole hadi mwisho, ukatulia. Hakupiga kelele mara hii. Alilishika tu bega la Nkasiogi.

Walirudi paa likiwa wazi. Kwenye barabara yenye mijakaranda maua yalikuwa yakidondoka, mengine yakiingia garini. Mlima Meru ulikuwa umejivua mawingu. Gereji ikatokea upande wa kushoto. Mzee Aminieli alikuwa amesimama getini, mkono juu, kisha akabaki nyuma yao.

"Tumepita, mama," alisema Nkasiogi.

"Najua," alisema Mama Agnela, akabadilisha gia.