Ua la Mchanga

Kila Jumapili asubuhi, mjane wa dereva aliliosha ua lake la jiwe. Alilishika chini ya bomba kama ashikaye kichanga, akalisugua petali kwa petali, kisha akalianika dirishani. Marehemu alilileta kutoka safari yake ya mwisho ya jangwani, akamtania, "Mke wangu, hili halinyauki. Mimi na kununua maua basi!"

Miaka tisa ikapita hivyo, yeye na ua lake, hakuna wa kumbishia hodi. Siku moja petali ikamkatikia mkononi, nyembamba kama karatasi. Alilia wee, halafu akajikaza, akalifunga kwenye taulo, akalipeleka chuo cha madini.

Mtunza mawe wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilikwaruza kwa ukucha. Likatoa unga mweupe.

"Jasi hii, dada, madini laini. Maji ya chumvi hupanda kutoka chini, jua likayakausha, jasi ikabaki humo mchangani ikijijenga bapa kwa bapa, na mchanga wenyewe ikaumeza." Akavuta droo. "Ona ndugu zake."

Lilikuwemo jiwe angavu kama kioo. Jingine la nyuzinyuzi, liking'aa kama hariri. Na jingine jeupe pepe, la kuchongea mapambo.

"Hata plasta ya mguu uliovunjika ni jasi hii hii, imechomwa ikasagwa."

"Sasa mbona langu linaisha?"

"Unaliosha?"

"Kila Jumapili."

Mzee akavua miwani. "Jasi huyeyuka kwenye maji, dada. Kidogo kidogo, lakini huyeyuka."

"Kumbe ni mimi ninayelimaliza."

"Hukujua."

"Ningejuaje? Nyumbani sina wa kuniambia hata kwamba kumekucha."

Mzee akamwomba aliache pale, lihifadhiwe. Akakataa katakata, akarudi nalo kifuani.

Jumapili iliyofuata mikono ilikosa kazi. Alifungua bomba, akalifunga. Akafagia chumba alichokwisha kukifagia. Mwishowe akaketi dirishani, akalipuliza ua vumbi taratibu, petali moja baada ya nyingine. Alipomaliza, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili tu asubuhi, na siku nzima ilikuwa inamngoja.