Yustina Aacha Ugali

Msinicheke nikisema Yustina alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili. Wanaocheka unene wa watu hawajawahi kupanda Mgeta. Gari linakufikisha Nyandira sokoni, hapo dereva anazima, na kama kwenu ni juu, basi juu utakwenda kwa miguu yako mwenyewe. Kwao Yustina ni juu. Wenyeji hupanda kwa saa moja na kapu kichwani, na soga wanapiga njia nzima. Yeye mara ya mwisho alipojaribu hakufika hata robo ya njia, magoti yakamwaka moto, akarudi Morogoro mjini analia ndani ya lori la kabichi. Tangu hapo ilipita miaka sita. Mama yake, Bi Eufrazia, naye nyonga ilishamgomea. Mtoto hapandi, mama hashuki.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia Yustina alitaka kupendeza. Apendeze kwa nani? Mume alishatangulia, na wateja wake wa kushona pale Mwembesongo walimpenda vilevile alivyo. Alitaka jambo moja tu: apande, afike kwa mama yake kabla mama hajafa.

Jirani yake Hidaya ndiye aliyemwingiza kwenye kundi la simu la dada Shadya. Kina mama zaidi ya mia moja, na sharti moja: wanga marufuku. Hakuna ugali, hakuna wali, chapati usiitazame, viazi na ndizi ndiyo kabisa. Kula mayai, nyama, dagaa, mchicha, parachichi. Shadya alikuwa na sauti ya mhubiri. "Ugali ndiyo adui yako, mpenzi! Ukishamwacha, mwili haurudi tena!"

Sasa mwambie Mluguru aache ndizi na viazi, si umwambie aache na kupumua? Lakini Yustina aliacha. Wiki ya kwanza kichwa kilimgonga na mikono ikamtetemeka hadi sindano ya cherehani ikamchoma kidole. Wiki ya tatu gauni likalegea. Jamani, ule utamu! Miezi saba, kilo ishirini na nne zikaondoka. Siwezi kudanganya, njia ile ilifanya kazi, na waliokuwa wakimsema wakaanza kumwomba siri.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi hatakiwi kulifanya. Fundi akibana nguo ya mteja huacha kitambaa ndani ya mshono, maana anajua binadamu hunenepa. Yustina alifumua magauni yake yote, akayabana, kisha akachukua mkasi akakata kila kilichobaki.

"Huko sirudi," alimwambia Hidaya, vipande vimejaa miguuni.

"Haya, shoga yangu," Hidaya akasema. "Mungu akusikie."

Juni ilipofika akapanda. Alisimama mara nne kuvuta pumzi, lakini hakukaa. Alipoiona nyumba ya kwao alipiga vigelegele peke yake njiani, mtu mzima mwenye wajukuu wawili.

"Shikamoo, mama!"

Bi Eufrazia alikuwa kwenye kigoda, anachambua maharage. Akainua macho. Alimtazama shingo, akamtazama mashavu, ungo ukamtoka mikononi.

"Yusta, mwanangu. Umepatwa na nini?"

Akapika. Ugali, na ndizi kwa maharage, mwenyewe, na nyonga yake ile. Yustina akasogeza sahani pembeni taratibu, akatoa mayai mawili ya kuchemsha kwenye mkoba.

"Mama, mimi sili hivyo siku hizi. Nimepunguza mwili kwa makusudi."

"Nani anajikondesha kwa makusudi?"

"Mjini watu wanafanya, mama."

"Mwili haujengwi kwa matofali. Kula."

"Siwezi, mama. Nikionja tu, narudi nilikotoka."

Mama akamtazama anavyomenya yai. Halafu akashusha sauti ili Anselmi, mdogo wake Yustina aliyekuwa uani, asisikie. "Unatumia dawa? Wanasema za siku hizi ni nzuri. Mtoto wa Abel hapo jirani anazitumia, na analima."

"Mama, mimi siumwi!"

"Nimekusikia, mwanangu."

Kadiri alivyokataa ndivyo mama alivyozidi kuamini kwamba ana ule ugonjwa. Usiku Yustina alimsikia mama chumba cha pili anasali rozari na kumtaja jina. Alilala macho. Miezi saba ya njaa kwa ajili ya mama huyu, na mama anamwona maiti inayotembea! Alishuka siku ya tatu akijipa moyo kwamba atarudi Krismasi, na kwamba mama atazoea.

Krismasi hakurudi. Msisubiri niwaeleze mkosi gani ulimpata, hakuna mkosi wowote. Alichoka tu. Alichoka kupika sufuria mbili, moja ya wajukuu na moja yake. Alichoka kukaa misibani na kukataa sahani ya wali huku watu wanakonyezana. Alichoka kuota ugali, ndiyo, kuota, hadi anaamka anatafuna. Siku moja akala kipande cha chapati kwa Hidaya. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kesho yake akala mbili.

Kilo zilizotoka kwa miezi saba zilirudi kwa mitano, zikaja na nne za nyongeza. Magauni yakakataa kupanda mabegani, na kwenye mshono hakukuwa na kitambaa cha kuachia. Akaanza masharti upya. Mara ya kwanza alidumu wiki sita, mara ya pili wiki mbili, mara ya tatu hadi saa kumi jioni. Kundini kina mama walinyamaza mmojammoja, na dada Shadya mwenyewe akawa anatuma picha za kuanzia kidevuni kwenda juu.

Alikwenda hata kliniki. Daktari Hatibu alikuwa mtu mpole, hakumkemea.

"Kupungua utapungua, mama, kwa njia hiyo au kwa nyingine," alimwambia. "Tatizo ni kubaki pale. Wengi hurudi. Inayofaa ni ile unayoweza kuishi nayo hadi mwisho wa maisha."

"Na mimi naweza kuishi na ipi, daktari?"

Daktari akatazama karatasi, akatazama foleni mlangoni. Akamwandikia dawa za magoti.

Mwaka wa pili tangu apande kule, Aprili, mvua imeshika kasi, Anselmi akapiga simu.

"Dada, mama hali tena. Hata uji anaukataa. Anakutaja wewe tu."

Yustina alipanda lori asubuhi hiyohiyo. Pale Nyandira njia ya kwao ilikuwa tope tupu. Akapanda hatua mia, akakaa. Akapanda hamsini, akakaa kwenye jiwe, na goti la kulia likakataa kukunjika. Anselmi, aliyekuwa ameshuka kumpokea, akaita wanaume wanne wa kitongojini waje na machela, ile wanayoshushia wagonjwa. Wakamlaza. Hawakufika mbali, mmoja akateleza, mti wa machela ukapasuka, wote wakaenda chini pamoja naye.

"Utusamehe, dada," akasema Kondo, mkubwa wao, anatweta na tope limemjaa usoni. "Kukushusha tungeweza. Kukupandisha hapana."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Yustina alirudi kwenye jiwe akalia kwa sauti mbele ya wanaume wazima, na kuona haya hakukumbuka. Wao wakakata mti mwingine, wakafunga machela yao, wakaondoka na Anselmi kwenda kumpa mama habari.

Baada ya saa mbili akawaona wanashuka, na machela ina mtu aliyefunikwa. Akajua mama amekufa. Kumbe Bi Eufrazia alikuwa amewaambia, kama mwanangu hawezi kuja, nipelekeni mimi. Anselmi alikataa, Kondo akakataa, lakini nani amewahi kumshinda yule bibi? Wakamfunika shuka na turubai, wakamleta. Alikuwa mwepesi, wawili wangetosha.

Wakamweka chini kando ya jiwe. Yustina akainama kadiri alivyoweza.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, mama. Nimeshindwa kufika."

Mkono wa mama ukatoka ndani ya shuka, ukapapasa shavu, ukashuka begani, ukafika kwenye mkono ulionona. Ukauminya. Ukauminya tena. Uso wa Bi Eufrazia ukafunguka.

"Umenenepa," akasema.

"Mama..."

"Umenenepa, Yusta! Anselmi, umeona? Dada yako amepona. Mungu amenisikia, amepona kabisa."

Anselmi akamtazama dada yake. Yustina hakuweza kumtazama mtu.

"Nimepona, mama," akasema.

"Basi sasa na mimi naweza kwenda. Usije ukaacha kula tena."

"Siachi, mama."

Wingu lilikuwa linashuka. Kondo akasema warudi kabla mvua haijawakuta, maana bibi mwenyewe hakutaka hospitali, alitaka kitanda chake. Wakamnyanyua. Yustina alishika ukingo wa machela, akatembea nayo hatua tatu, ya nne njia ikapanda, akaachia.

Bi Eufrazia alifariki Jumatano, akazikwa Ijumaa huko juu. Watu waliokwenda kuzika walimpita Yustina amekaa pale kwenye jiwe, mwisho wa pale alipoweza kufika. Kila mmoja alisimama akamwambia, "Pole sana, dada," kisha akapanda.