Upande wa Nyuma wa Bendera ya Shule

Sindano ilikuwa imefika karibu na tundu la kamba Bi Joha alipoinua miguu kwenye pedali ya cherehani na kuigeuza bendera aangalie nyuma. Alitaka kujua mjukuu wake, Yusrah, amesimama wapi. Mtoto alikuwa upande wa kulia, ameinamia karai la vyombo, na mshono ungepita nyuma ya mgongo wake bila kumgusa. Bi Joha akairudisha bendera chini ya sindano, akaendelea kushona.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya cherehani, Magomeni, Kilosa. Upepo wa Septemba ulikuwa unapitisha vumbi, na kila kitambaa kilichokuwa mezani kilikuwa na jiwe juu yake. Pindo la bendera lilikuwa limechanika kwa urefu wa shubiri sita. Shule iliitaka kesho kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu kesho darasa la saba walikuwa wanaanza mtihani wa kumaliza.

Bendera yenye picha moja mbele na nyingine nyuma ni kazi ambayo mafundi wengi huikwepa. Kitambaa cha bendera ni chepesi, na jua likikipiga, picha ya nyuma hutokeza mbele na maandishi ya mbele husomeka kinyume nyuma. Kwa hiyo lazima zishonwe bendera mbili, na katikati yake iwekwe bitana nzito, nyeusi au ya rangi iliyoiva, inayozuia mwanga. Bitana ikiwa nzito mno, bendera inakataa kupepea. Bi Joha hakufundishwa haya na mtu. Miaka mingi iliyopita alikuta bendera ya namna hiyo imefunika mashine ya kusaga, akaiomba kwa siku mbili, akaifumua yote, akahesabu matabaka yake, kisha akairudishia kama ilivyokuwa, hata sehemu zilizokuwa zimeshonwa vibaya.

Shule ilihitaji bendera ya pande mbili kwa sababu kamati ya wazazi haikuelewana. Wale ambao babu zao waliletwa kukata mkonge walitaka mkonge. Wengine walitaka kitabu na jembe. Mwalimu mkuu, Mwalimu Onesphory, mtu asiyependa kumkatalia yeyote, alisema mbele kiwe kitabu na jembe, nyuma uwe mkonge wenye majani saba. Hiyo ilikuwa Aprili.

Wiki hiyo kaniki nyeusi ya bitana ilikosekana madukani. Bi Joha alitafuta mpaka sokoni, kisha akarudi nyumbani na kuitazama sketi ya shule ya mjukuu wake, iliyokuwa imening'inia msumarini tangu mwezi Machi. Ilikuwa sketi ya bluu ya marinda, kitambaa kizuri, kizito kwa kiasi. Sketi ya marinda ikifunguliwa ni pana kuliko mtu anavyodhani. Akaifumua, akaipiga pasi, ikatosha.

Yusrah mwenyewe alikuwa Mikumi. Mama yake alifariki Yusrah akiwa mdogo, na kwao mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mjomba huyo ni Mwinshehe, mtoto wa kiume wa pekee wa Bi Joha, anayepeleka nyanya kwenye migahawa ya barabara kuu. Mwezi Machi, mwenye mgahawa mmoja huko, mwanamke mwema anayeitwa Natalia, alimwambia kwamba msaidizi wake amejifungua. Mwinshehe akasema, "Mimi nina mpwa." Ilikuwa iwe wiki mbili. Kwa mambo ya namna hii Bi Joha huomba, haamuru.

Asubuhi bendera ilipopandishwa kwa mara ya kwanza, mbele kulikuwa na kitabu na jembe. Nyuma, mkonge alioushona Bi Joha haukuwapo. Kulikuwa na Yusrah akiosha sahani nyuma ya mgahawa wa Natalia.

"Huyo Yusrah," alisema mtoto mmoja mstarini.

"Amenenepa," alisema mwingine.

Mwalimu wa zamu aliwakumbusha kwamba wakati wa kupandisha bendera watu hawaongei. Wakanyamaza, wakaimba wimbo wa shule mpaka mwisho.

Watu waliipenda sana bendera ile. Walisifu jinsi povu la sabuni lilivyoonekana kama povu kweli, na jinsi rangi za khanga aliyojifunga mtoto zilivyotofautiana siku kwa siku. Wauza maziwa kutoka Msowero walisimamisha baiskeli zao barabarani wautazame moshi wa jiko ukipanda kwenye kitambaa. Kina mama waliopitia kisimani walisimama kuangalia anavyosugua sufuria, kwanza majivu, kisha maji, kisha majivu tena. "Ona mwenzio," waliwaambia mabinti zao. "Wewe hata kikombe chako kinakushinda." Fundi mmoja alikuja kutoka Munisagara kwa ajili ya bendera tu. Alipitisha kidole kwenye mshono wote, akampa Bi Joha mkono, akaondoka.

Lilibaki jambo la mahudhurio. Mwalimu wa darasa la saba, Mwalimu Nickson, alikwenda ofisini na daftari.

"Mwalimu mkuu, Yusrah nimwandike yupo au hayupo?"

Mwalimu Onesphory aliliwaza jambo hilo tangu kengele ya kwanza mpaka ya uji.

"Mstarini anaonekana?"

"Anaonekana. Kuliko wengine, maana yuko juu."

"Basi yupo."

Mwezi Julai mgeni kutoka wilayani aliyakagua madaftari na kukuta darasa la saba lina mahudhurio ya asilimia mia moja. Aliandika pongezi kwenye kitabu cha wageni. Kabla ya kuondoka alisimama chini ya mlingoti mikono nyuma, akaitazama bendera kwa muda mrefu, akauliza kama fundi anapokea kazi za nje.

Jumamosi iliyopita Bi Joha aliiomba bendera kwa ajili ya kuipiga pasi. Hakuipiga pasi. Aliikunja kwenye mfuko akapanda basi la asubuhi la Mikumi, maana mtihani ulikuwa umebakiza siku nne na alitaka Natalia aione mwenyewe.

Natalia alimpokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mama! Karibu, karibu kiti. Leteni maji ya kunawa." Aliwekewa wali, maharage na paja la kuku, na Yusrah ndiye aliyemletea. Alikuwa amerefuka. Alipiga goti kidogo, akamwamkia bibi yake, akabaki amesimama ameshika sinia.

Bi Joha alipomaliza kula alinawa, akaikunjua bendera mezani. Kwa kuwa ilikuwa Mikumi, nyuma yake ilionyesha Kilosa. Kulikuwa na uwanja wa shule, na darasa la saba, waliokuja kwa mazoezi ya Jumamosi, wamepanga mstari. Kati ya Kelvin na Agatha kulikuwa na pengo la mtu mmoja. Vumbi la mahali pale halikuwa na alama ya kiatu.

Madereva wa malori waliacha sahani zao wakasogea. "Hii kazi," alisema mmoja. "Hii si ya kuchapisha. Hii ni mkono."

Yusrah aliitazama kwa makini.

"Bibi, nafasi yangu hawajaijaza."

"Hawajaijaza."

"Kengele anagonga nani siku hizi?"

"Agatha."

"Anachelewa huyo." Kisha akashika pindo, akalipapasa katikati ya vidole viwili. "Ndani ni sketi yangu?"

"Ndiyo. Kaniki ilikosekana."

"Ndiyo maana asubuhi nasikia upepo," alisema Yusrah, akarudi kwenye vyombo.

Natalia aliisifu bendera kuliko wote. Aliomba aitundike nguzoni nje, angalau nusu saa, wapita njia waione. Kuhusu mtoto alisema, "Mama, mimi sina kinyongo. Akichukuliwa leo namfungia na zawadi. Ila mwenye neno ni mjomba wake, na yeye ameniambia mpaka msimu wa wageni wa mbuga uishe. Nikikupa wewe, kesho nitamwangaliaje?" Alimshika Bi Joha mkono kwa upendo wa kweli. Baadaye akauliza kama naye anaweza kushonewa bendera, mbele kuku. "Nyuma niwekee chochote kitakachotokea."

Malori ya barabara kuu yana upepo wake. Bendera iliposhushwa nguzoni pindo lilikuwa limechanika shubiri sita.

Hilo ndilo Bi Joha alikuwa analishona sasa. Alikuwa amemaliza shubiri mbili Mwalimu Onesphory alipofika, amevaa suti kwa sababu ya kikao cha mtihani.

"Shikamoo, Bibi Yusrah."

"Marahaba, Mwalimu. Za kikao?"

"Salama. Namba yake tumeibandika dawatini. Karatasi yake pia imekuja." Aliinama akaukagua mshono. "Palipochanika hata hapaonekani. Una mkono, mama."

"Mwalimu, nilikuwa nawaza. Mlingoti ule unaweza kusogezwa karibu na dirisha la chumba cha mtihani?"

"Nami nimeliwaza hilo. Unaweza."

"Akionekana dirishani, atahesabiwa?"

Mwalimu Onesphory alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa. Alikuwa mtu anayejibu akiwa amemaliza kufikiri.

"Mstarini nina mamlaka, mama. Chumba cha mtihani si changu. Msimamizi anatoka shule nyingine, na yeye anahesabu walioketi."

"Nimeelewa."

"Mlingoti nitausogeza hata hivyo."

Akaaga, akaenda kutafuta wa kumsaidia kuchimba shimo.

Saa kumi na moja Mwinshehe alipita na pikipiki, nyuma amefunga matenga matupu. Alizima akaja kumwamkia mama yake.

"Kesho unakwenda Mikumi?" Bi Joha aliuliza.

"Alfajiri. Nyanya hazisubiri."

"Ungekwenda leo na kurudi naye, angelala hapa."

"Leo nachuma, mama."

"Mtihani unaanza saa mbili."

"Nimesikia. Mji mzima unaniambia." Alichuchumaa, akanyanyua ncha ya bendera, akachungulia nyuma. Uso wake ulilainika. Alikuwa anampenda mpwa wake, kila mtu alilijua hilo. "Mtazame. Hasimamiwi na mtu. Natalia anamsifu mpaka naona haya. Watoto wa namna hii siku hizi hawapo."

"Hawapo," alisema Bi Joha. "Nakuomba, mwanangu."

"Nimeshatoa neno, mama. Nikimwondoa leo nitaitwa nani huko?" Aliishusha ncha taratibu, kwa heshima, kama mtu anayefunika chakula. "Msimu ukiisha namrudisha mwenyewe. Mtihani si upo kila mwaka?"

Bi Joha alitia uzi mpya kwenye bobini. Mwinshehe aliwasha pikipiki akaenda kuchuma nyanya.

Aliendelea mpaka mwanga ukaanza kumwacha. Shubiri moja ilikuwa bado, ile ya kona ya chini, ambako matabaka matatu yanakutana na sindano hupenda kuruka. Mahali kama hapo hapashonwi kwa kukisia. Angeamka, angeswali alfajiri, kisha angemalizia kabla ya mtoto wa shule kuja kuichukua. Aliishusha sindano ikashika kitambaa kisiteleze, akafunika cherehani, akaliweka jiwe.

Kabla ya kuingia chumbani kwake nyuma ya duka, aligeuza kona moja atazame. Wateja wa mchana walikuwa wameondoka. Yusrah alikuwa amesuuza vikombe vyote na kuvipanga vimeinamishwa juu ya meza, mstari ulionyooka kabisa, bila pengo. Lilikuwa limebaki sufuria kubwa la wali, lililoungua chini. Alilimwagia maji mpaka nusu, akatia majivu, akalisukuma chini ya meza liloweke. Kisha akafuta mikono kwenye khanga.

Hilo angelisugua kesho asubuhi.