Amani ya Ndugu Isbrand

"Waambie mwenyewe, Ndugu Isbrand," Mchungaji Curtis alisema, akimkabidhi kipaza sauti. "Waambie ulivyojisikia moyoni ulipoingia katika nyumba ile."

Isbrand Thiessen alikipokea kile kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu. Nyuma yake, ukutani, picha yake ilikuwa imemulikwa kubwa kuliko yeye: amesimama mbele ya nyumba ya rangi ya chungwa huko Guatemala, watoto kumi na tisa wamemzunguka, naye anacheka kwa meno tu. Mbele yake tulikuwa sisi, washirika wa kanisa la Silberwiese, kusini mwa Manitoba, tumejaa kwenye viti vya kukunja katika ukumbi wa chini ya kanisa. Zege la kuta za ukumbi ule alilimwaga yeye mwenyewe miaka thelathini iliyopita, na halijawahi kupitisha tone la maji, hata majira ya kuchipua, theluji yote ya mashamba inapoyeyuka kwa wiki moja.

"Nilikuwa na amani," alisema.

Tukaitikia amina. Mchungaji akauliza ni nani wanaoafiki nyumba inunuliwe, na mikono yote ikainuka. Mkono wa Isbrand uliinuka pia, ukiwa umechelewa kidogo. Hakuna aliyepinga. Akina mama wakaanza kufunua sinia za mikate ya siagi, na wanaume wawili watatu wakatoka nje kutafuna mbegu za alizeti.

Kwetu jambo kubwa haliamuliwi kwa hoja tupu. Ukitaka kununua shamba, kuoa au kubadilisha paa la kanisa, utaulizwa kama una amani. Ukisema unayo, mjadala umekwisha, kwani nani atabishana na Mungu? Ukisema huna, jambo linasimama, hata kama wengine wote wanayo. Ni desturi nzuri na imetuepusha na mengi. Ila ina upungufu mmoja, kwamba amani iliyo moyoni mwa mtu hakuna anayeweza kuikagua.

Na Isbrand na amani walikuwa hawajuani hata kwa sura. Katika duara la maombi, wenzake wakidondokwa na machozi, yeye alisikia friji ya jikoni ikiunguruma na tumbo lake likijibu. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusikia moyoni lile jambo ambalo sisi wengine tunalitaja kirahisi. Alichokuwa nacho ni nyundo. Akiitwa kutazama jengo aliligonga, akatega sikio. Likijibu vizuri, alisema ana amani. Likijibu vibaya, alisema hana. Kwa kuwa hakukosea hata mara moja, tulimhesabu kuwa mtu wa rohoni.

Makao ya watoto ya Bi Olimpia, ambayo kanisa letu limeyatunza kwa miaka kumi na moja, yalikuwa katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba aliitaka kabla ya Krismasi. Tukaamua kuwanunulia yao. Nyumba ya kwanza Isbrand aliikataa kwa kuziangalia picha. Ya pili alisafiri hadi kule, akagonga, akaikataa pia. Aliporudi, Abe Doerksen, fundi wa matrekta ambaye mdomo wake hauna likizo, alisema kuwa Isbrand akifika mbinguni atagonga kwanza lile lango la lulu, asije akauziwa plastiki. Tulicheka mpaka tukakohoa. Isbrand naye alicheka.

Helena Kroeker hakucheka. Huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya watoto, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye kila baridi hushona mablanketi ya kuuzwa mnadani kwa ajili ya watoto mpaka vidole vinavimba. Alimngoja mlangoni, akamwambia kwa upole unaoumiza kuliko kelele, "Ndugu Isbrand, nakuombea. Unaiamini nyundo yako kuliko unavyomwamini Mungu."

Maneno hayo yalimwingia yakakaa. Ndiyo maana mwezi wa tisa, alipotumwa kuitazama nyumba ya tatu akiwa na Mchungaji, Isbrand alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii atakwenda kwa imani. Nyundo aliichukua vilevile, maana mkono uliozoea haushauriki.

Nyumba ilikuwa nzuri, yenye hewa, karibu na shule. Wengine walipopanda juu kunywa kahawa, yeye alibaki chini akizipitia nguzo. Ya kwanza ilijibu vizuri, na ya pili vilevile. Ya tatu, ile iliyobeba chumba kikubwa ambamo watoto wadogo wangelala, ilitoa sauti ya debe. Akagonga tena, na tena. Akachomoa kisu na kukwangua lipu mpya upande wa nyuma, karibu na sakafu. Ndani zege lilikuwa matundu matupu, kokoto hazijashikana, nondo zimeliwa na kutu, na ringi za kuzifunga ziko mbalimbali kama fundi alikuwa akizifanyia ubahili. Na nchi ile ardhi yake hutikisika.

Isbrand alilitazama lile tundu kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote ya zege: akapiga goti, akazoa makombo ya lipu, akayatia mfukoni. Akafuta vumbi kwa kiganja cha kulia na kupanda juu.

Huko juu watoto walikuwa wamepangwa kwa kimo wakimsubiri, wakamwimbia. Watu wazima wakashikana mikono wakaomba, na Mchungaji akamwuliza mbele ya wote kama ana amani. Isbrand aliyakumbuka maneno ya Helena. Akajiambia kwamba huenda hii ndiyo imani yenyewe, kuunyamazia ujuzi wako. Lakini hata alipokuwa akijiambia hivyo, alijua si kweli. Alichoogopa ni kuwa mtu wa kukataa kwa mara ya tatu, na watoto wale wakiwa bado wanamtazama. Akasema anayo. Wote wakamkumbatia. Bi Olimpia, mwanamke mfupi wa maneno machache, alimshika mkono na kumtazama kwa muda mrefu, kisha akasema asante.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Neta, mkewe, alidhani ni maji ya kule.

Sasa kura ilikuwa imepita. Isbrand alikaa pembeni na mkate mmoja na kipande cha jibini ambavyo hakuwa amevigusa, na Helena akaja akaketi karibu yake.

"Nitakwambia jambo, na usimwambie mtu," Helena alisema. "Mimi sikuwa na amani na nyumba hii. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikiamka usiku naona paa likianguka. Lakini nikajiambia, kama Isbrand mwenyewe anayo, mimi ni nani?"

Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wa Isbrand ulipanda damu mpaka kwenye kipara. Akaweka sahani chini ya kiti.

"Dada Helena, sikuwa nayo."

"Hukuwa na nini?"

"Hiyo amani. Kuna nguzo mbovu. Niliiona kwa macho yangu, nikaifutia vumbi."

Helena hakupandisha sauti. Alimwuliza kwa nini.

"Wewe uliniambia naiamini nyundo," Isbrand alisema. Maneno yalipomtoka alitamani kuyameza. "Hapana. Nisikusingizie. Niliona haya kukataa tena."

Yule mama alilikunja na kulikunjua pindo la gauni lake. Kisha akamshika mkono wa shati, kama anavyoshikwa mtu anayesindikizwa kituoni, akasema, "Basi simama ukawaambie."

Akasimama mbele yetu mara ya pili, safari hii bila kipaza sauti, watu wakiwa na mikate mdomoni. Hakuzungukazunguka. Alisema kuhusu nguzo, kokoto na kutu. Alisema kuhusu makombo aliyoyatia mfukoni, na kwamba aliyatupa kwenye pipa la takataka la uwanja wa ndege. Halafu akasema lile ambalo hakuna aliyemwuliza.

"Mimi sijawahi kuwa na amani. Hata ile ya miaka yote. Nilikuwa na nyundo tu. Safari hii nyundo ilisema hapana, nami nikasema ndiyo."

Mchungaji Curtis alikuwa mwekundu kuliko yeye. "Lakini tulishikana mikono, ndugu yangu."

"Tulishikana," Isbrand alikubali. "Ulinishika huu wa kulia."

Abe Doerksen alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila kusema kitu. Wengi wetu tulizitazama sahani zetu. Nakiri kwamba sikuwawaza watoto kwanza. Nilichowaza ni mnada wa mablanketi, na kicheko cha wenzetu wa kanisa la ng'ambo ya barabara watakapopata habari. Mtu mmoja akasema tumshukuru Mungu, hati hazijatiwa sahihi bado. Mwingine akasema kamati ikutane Jumanne iandike barua yenye lugha nzuri. Kila mtu alianza kupumua.

"Barua ya nini?" Neta aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, taulo ya vyombo begani. "Wale watu wana simu. Isbrand, njoo huku."

Neta alizaliwa Chihuahua, katika vijiji vya watu wetu walioko Meksiko, na Kihispania anakizungumza kama mwuza mboga wa huko. Akapiga namba ya Bi Olimpia. Sisi tulisongamana mlangoni, tukijidai tunarudisha vikombe. Isbrand alisema sentensi moja moja, naye akazitafsiri, bila kupunguza wala kupamba. Alipofika kwenye kufuta vumbi alimtupia mumewe jicho, lakini akaitafsiri hiyo nayo.

Kisha akasikiliza, na alipoanza kuturudishia majibu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anasema alikusikia."

"Alinisikia nini?"

"Ukigonga. Alikuwa ngazini na vikombe vya kahawa. Anasema uligonga mara tatu mahali pamoja, halafu ukakwangua. Aliuona uso wako." Neta akamgeuzia mgongo, akaendelea kutafsiri akitazama ukuta. "Anasema alingoja useme. Ulipopanda juu ukasema una amani, akaona kasoro ni yake yeye, kwamba imani yake ni haba."

Helena, aliyekuwa karibu na sinki, aliketi juu ya kreti la maziwa.

"Subiri," Neta alisema kwenye simu, kisha akauliza jambo kwa haraka, akauliza tena. Akageuka. "Wameshahamia."

"Nani?"

"Wale wadogo. Tangu Jumatano. Anayeiuza nyumba aliwapa ufunguo baada ya kuambiwa kanisa lina amani. Wako juu sasa hivi, kwenye kile chumba kikubwa. Wamelala usingizi wa mchana."

Isbrand aliichukua simu mkononi mwa Neta. Kihispania chake hakizidi maneno kumi, na zaidi ya nusu ni salamu. Alisema "nje", akasema "watoto", akasema "tafadhali", kisha akarudia "nje". Upande wa pili simu ilisikika ikiwekwa juu ya kitu kigumu, bila kukatwa, na nyayo za mtu mzima zikipanda ngazi.

Halafu miguu ya kitanda ikaburutwa sakafuni.

"Waache vitanda," Isbrand alisema kwa Kiingereza. "Watoe watoto tu." Lakini huko hapakuwa na sikio.

Sauti ya Bi Olimpia ilisikika kwa mbali, tulivu, ya mama asiyetaka kumshtua aliyelala, ikiita majina. Yesenia. Wilmer. Damaris. Kila jina lilijibiwa na mnung'uniko, kisha vinyayo vitupu vikishuka ngazi taratibu. Jina la mwisho aliliita mara mbili. Isbrand alikuwa ameegemea kaunta, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili, na nyuma yake sisi sote tumesimama na vikombe vyetu, tukisubiri mtoto mmoja aamke.