Guleid na Sheria ya Salamu

...laini ziko wazi, Guleid akarudia mara ya nne, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kana kwamba Garissa nzima imepanga foleni kumpigia, na simu ya studio kimya, miaka kumi na minne ya siasa redioni kila asubuhi, na mkurugenzi amesema leo wasipopiga watu watano kipindi kinakufa, saa hii inakuwa ya muziki, na hajapiga hata mmoja, "Adeer, ongea, usiache hewa tupu," Sadia fundi mitambo anamwambia ami yake wa heshima kwenye hedifoni, aongee na nani, wote wako TikTok wanamtazama diwani akitukanwa kwa nusu dakika... zamani Batula wa Griftu alipanda kilima kutafuta mtandao, "Guleid, nabiga simu kuuliza, kisima yetu imeenda wabi," wabunge walimwogopa Batula kuliko kura, na yeye Guleid, mjuaji, kaosha sahani Minneapolis, kauza simu Dubai, karudi na saa kubwa mkononi na sheria yake mpya, hewani hakuna salamu, ingia kwenye hoja, Batula akapiga na salamu zake, "Iska warran, Guleid, watoto wazima, mvua imegusa huko, na mama yako, mguu ule..." "Hoja, eeddo, hoja," akamkata shangazi wa watu, mtu aliyekuwa anamuulizia mguu wa mama yake, wakacheka studioni, yeye kuwashinda wote, na Batula hakupiga tena, wala wenzake, walikuwa wanasikiliza, walisikia... hata askari wa kizuizi cha Liboi husalimia kabla ya kupekua gari, na Ramadhani iliyopita mama akaenda zake kwa Mola, watu wakamtumia Guleid vimikono vya dua kwenye WhatsApp, hakuna aliyeuliza mguu ulimsumbua hadi lini, ulimsumbua hadi mwisho, eeddo, hadi mwisho kabisa... "Adeer, hewa," basi akaisogelea maikrofoni, hoja ya leo ilikuwa nini, ushuru wa soko la mifugo, akaiacha, "Batula wa Griftu," akasema, "iska warran, hamjambo nyumbani, mbuzi wanakamuliwa, mvua imewagusa," Sadia akanyoosha kidole kwenye kitufe cha muziki, Guleid akainua kiganja, ngoja, binti, mtu amesalimiwa, na akanyamaza hewani, bila kutazama saa, urefu ule anaohitaji mama mtu mzima kumaliza kupanda kilima, kuvuta pumzi, na kuanza kuulizia watu, mmoja mmoja.