Tosha Mufuko

Kishimo chenyewe hakikuzidi mdomo wa kikombe cha chai. Kilikuwa kando ya njia, katikati ya weupe mtupu wa theluji, kingo zake nyembamba zikimeremeta, ndani yake giza. Honorine aliegemea fimbo yake ya kutembelea, akainama, akatega sikio. Chini kabisa maji yalikuwa yakipita mbio.

Alitaka kusema. Lakini Jepchumba alikuwa hatua kumi mbele, anaongea bila kituo, na Honorine hakuwa mtu wa kumkatiza mtu maneno. Tena Jepchumba! Nesi aliyemzidi miaka kumi na mitano, aliyempa chumba kwake Granville, mtaa wa Sydney, na kumtafutia kazi ya kufua nguo kwenye nyumba ya wazee.

"Eti Septemba ni spring," Jepchumba alikuwa akisema. "Spring gani hii ya kugonganisha meno? Na wewe umemeza ulimi?"

"Niko nyuma yako, dada."

"Najua uko nyuma. Kutoka Sydney, masaa sita kwa gari, maneno matatu! Nimeyahesabu. 'Ndiyo', 'ndiyo', na 'choo'."

Honorine akachekea ndani ya skafu.

"Usiogope," Jepchumba akaendelea. "Julai mwaka jana, katikati ya baridi, tulipita hapa na watu wa wodi yetu. Theluji ilikuwa ngumu kama lami."

Basi anajua pa kukanyaga, Honorine akajiambia. Mtu ambaye hakumaliza hata darasa la nne amfundishe nini nesi?

Theluji ikatoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Kisha Jepchumba akawa mfupi.

"Honorine! Miguu iko kwa maji! Haigusi chini!"

Alikuwa amezama hadi kwapani, mikono imetanda juu ya theluji. Kila alipojiinua, begi kubwa la mgongoni lilimrudisha chini, na ukingo ukameguka kipande kingine. Honorine alikimbia hatua mbili, akahisi theluji ikinywea chini ya buti, akajitupa kifudifudi. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni chini ya koti, akaanza kusota kwa tumbo.

"Tosha mufuko!" akapiga kelele.

"Nini?"

"Mufuko! Tosha! Tosha!"

"Unatosha nini? Nazama, wewe unaniambia begi linatosha?"

Kwao Fizi, mashariki mwa Kongo, kutosha ni kuondoa. Unatosha viatu mlangoni, unatosha sufuria motoni. Kwa Jepchumba wa Eldoret, kitu kikitosha kimetosha, basi. Honorine alilijua neno la Wakenya, alilisikia kila siku, lakini hofu ilikuwa imemwachia maneno ya kwao peke yake. Alilitafuta, halikuja. Ukingo ukameguka tena. Kidevu cha Jepchumba kikagusa theluji.

Honorine akaacha kutafuta neno. Alichomoa bega moja kwenye mkanda wa begi lake mwenyewe, kisha la pili, akalitupa begi kando.

Jepchumba akaona. Akapinda bega, akakwama, akatukana kwa Kikalenjin, akapinda tena. Begi likamtoka, likadumbukia, likaenda na maji.

"Shika!" Honorine akarusha ncha ya kitenge. "Zungusha kwa mkono! Piga miguu kama unaogelea!"

Alivuta akirudi nyuma kwa magoti, kiganja kwa kiganja. Kitenge kililia kama kinachanika. Hakikuchanika. Kwanza kilitoka kifua, kisha tumbo, kisha Jepchumba mzima akalala juu ya theluji, anatweta, suruali inachuruzika.

Simu ya Jepchumba ilikuwa imeingia maji. Ya Honorine haikuwa na mtandao. Gari lilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima. Honorine alimvua soksi zilizolowa, akamvisha zake kavu, akamfunga kitenge kichwani, akamvika koti lake mwenyewe. Halafu wakarudi, Honorine mbele, akipima kila hatua kwa fimbo, Jepchumba akikanyaga palepale alipokanyaga yeye.

Mwanzoni Jepchumba alitetemeka na kulaani. Baadaye akaacha vyote viwili. Nusu ya njia, akaketi juu ya jiwe.

"Dakika tano tu, my dear. Sisikii hata baridi tena."

Ndicho kilichomtisha Honorine kuliko shimo. Mtu aliyelowa vile akiacha kutetemeka, mwili unaanza kuzimika!

"Simama, dada."

"Nimesema dakika tano."

Siku nyingine angesema ndiyo, angengoja pembeni. Alimshika mkono, akavuta. Jepchumba hakusogea, macho yake yalikuwa yanafumba. Honorine akapiga magoti, akamshika mashavu kwa nguvu mpaka macho yakafunguka.

"Unisikie," akasema, na sauti yake haikuwa ile ndogo. "Mama yuko kambini Nyarugusu, kwa simu namsikia tu. Hapa nina wewe. Kila jioni nikitoka kazi, nikikunja kona na kuona taa ya jikoni yako, hapo ndipo roho inatulia. Miaka miwili nasema ndiyo, ndiyo, na hilo sijakuambia hata siku moja. Ukibaki juu ya jiwe hili, nitarudi Granville kwa nani? Wewe ndiyo nyumbani kwangu, Jepchumba. Simama."